Nani Apimwe Kwanza? Magonjwa ya Zinaa na Mipaka ya Kutibu kwa Dalili

Mwanamume anayetokwa na usaha uumeni, anayeumia kila akikojoa, hahitaji kusubiri maabara ndipo atibiwe. Visababishi vikuu ni viwili, kisonono na klamidia, dawa zake zipo, na tabibu akimpa palepale anakuwa amemwondolea maumivu na kufupisha muda wa kuwaambukiza wengine. Mwanamke aliyeambukizwa na mwanamume huyo yuko katika hali tofauti kabisa. Mara nyingi hasikii kitu. Vimelea vimekaa kwenye mlango wa kizazi bila kuuma wala kuwasha, na akifika kliniki anakuwa amefuata jambo jingine: sindano ya uzazi wa mpango, hudhurio la mimba, mtoto mwenye homa. Anahudumiwa vizuri kwa alichokijia, anaondoka, na maambukizi yanaendelea kupanda kuelekea mirija ya uzazi. Kwa zaidi ya miaka 30 huduma ya magonjwa ya zinaa katika Afrika Mashariki imeendeshwa kwa utaratibu unaomfaa yule mwanamume na kumkosa huyu mwanamke. Suala la kupima wagonjwa hujadiliwa mara nyingi kama suala la bajeti na mashine, lakini kwangu kwanza ni suala la nani anaonekana na nani haonekani. Ndiyo maana naona vipimo vichache tulivyonavyo vipelekwe mahali ambapo dalili hazisemi kitu, tuanze na wajawazito na wanawake vijana, na pale ambapo dalili zinatosha tuendelee kuzitegemea bila kuona haya.

Utaratibu wa kutibu kwa dalili haukuzaliwa na uzembe. Katika miaka ya 1980 kumthibitisha mgonjwa wa kisonono kulihitaji kuotesha vimelea kwenye sahani yenye lishe maalumu, ndani ya chombo chenye kaboni dioksidi ya kutosha, na vimelea hivyo hufa upesi vikikauka au vikipata baridi njiani. Klamidia ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa haioti ila ndani ya chembe hai. Zahanati ya kijijini haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo, na mgonjwa aliyeambiwa arudi baada ya wiki kufuata majibu mara nyingi hakurudi, ama kwa nauli ama kwa aibu. Shirika la Afya Duniani (WHO) likaja na chati: mgonjwa akija na usaha, kidonda au uchafu ukeni, apewe siku hiyohiyo dawa za magonjwa yote yanayoweza kuleta dalili hiyo, aelezwe namna ya kujikinga, na mwenza wake aitwe. Tabibu wa zahanati angeweza kujifunza chati hiyo kwa siku chache. Kwa mazingira ya wakati ule, ilikuwa hatua kubwa ya kibinadamu.

Na ushahidi mzito kuliko wote wa manufaa yake ulitoka Mwanza. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walichagua jamii 12 za mkoa huo. Katika sita kati ya hizo waliwafundisha watumishi wa vituo vya afya kutibu kwa dalili, wakahakikisha dawa hazikatiki, na wakawatembelea mara kwa mara kuwasimamia. Jamii sita nyingine zilisubiri. Kwa miaka miwili walifuatilia watu wazima zaidi ya 12,000, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yaliitikisa dunia ya tiba: maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa asilimia 1.2 katika jamii zilizopata huduma na asilimia 1.9 katika zile nyingine, yaani yalipungua kwa karibu asilimia 40. Hakuna mgonjwa aliyehitaji kupimwa na mashine ya bei kubwa ili hilo litokee. Yeyote anayetaka kubeza matibabu kwa dalili lazima kwanza aijibu Mwanza.

Miaka minne baadaye likaja jibu la Rakai, Uganda. Huko watafiti hawakungoja dalili. Kila baada ya miezi 10 hivi waliwapa watu wote wa vijiji vilivyochaguliwa dawa za magonjwa ya zinaa, mwenye dalili na asiye nazo. Maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI hayakupungua. Wapo waliosema Rakai imeifuta Mwanza, lakini mazingira ya tafiti hizi mbili yalitofautiana sana. Mwanza ilikuwa na janga changa, takribani watu 4 kwa kila 100 wakiwa na virusi, na Rakai ilikuwa imefika 16. Tena Mwanza ilikuwa na huduma iliyo wazi kila siku, ilhali Rakai dawa zilikuja kwa awamu na katikati ya awamu watu waliambukizana upya. Ninachokichukua hapo ni kwamba kilichofanya kazi Mwanza ni huduma ya karibu, ya kudumu, yenye dawa na watumishi waliofundishwa. Hilo halithibitishi kwamba chati yenyewe iliwaona wagonjwa wote. Nguvu yake ilikuwa kwa wanaume wenye usaha na watu wenye vidonda, na hao ndio waliokuwa wakieneza virusi kwa kasi zaidi.

Mwanza hiyohiyo ikatoa pia ushahidi wa upande wa pili, ingawa hautajwi mara nyingi kama ule wa kwanza. Katika kipindi kilekile wajawazito wapatao 960 walipimwa kwa maabara kamili, na karibu wanne kati ya kumi walikutwa na angalau ugonjwa mmoja wa zinaa, wengi wao wakiwa na trikomona, wengine kaswende, klamidia au kisonono. Hawa walikuwa wanawake waliokuja kupima mimba zao. Watafiti walipojaribu kuwabaini wenye maambukizi ya mlango wa kizazi kwa kuwauliza dalili na kuwakagua, wengi waliwapita. Kisha mwaka 2002 zikachapishwa takwimu za kaswende ambazo ni vigumu kuzisoma ukabaki mtulivu. Miongoni mwa wajawazito wa Mwanza waliokuwa na kaswende kali na hawakutibiwa, mmoja kati ya wanne alijifungua mtoto mfu. Miongoni mwa wanawake ambao hawakupimwa katika ujauzito, karibu nusu ya watoto wote waliozaliwa wafu walihusishwa na kaswende ya mama. Na wanawake waliopimwa wakakutwa nayo, wakachomwa sindano moja tu ya penisilini ya benzathini, mimba zao ziliishia sawa na za wanawake wasio na ugonjwa. Hakuna chati ya dalili ambayo ingewaokoa watoto wale, kwa kuwa mama zao hawakuwa na dalili ya kuonyesha.

Udhaifu wa chati unadhihirika zaidi katika malalamiko ya kutokwa na uchafu ukeni. Sababu za kawaida za hali hiyo ni fangasi na kuvurugika kwa bakteria wa kawaida wa uke, na hali hizi mbili hazihesabiwi kuwa magonjwa ya zinaa. Kisonono na klamidia hukaa juu zaidi, kwenye mlango wa kizazi, na mara nyingi hazileti uchafu wowote. Kwa hiyo chati hukosea pande zote mbili kwa mpigo: inawapa dawa za kisonono wanawake wengi wasio na kisonono, na inawaacha wengi walio nayo kwa sababu hawakulalamika. Watu huhesabu gharama ya kosa la kwanza kwa dawa zilizopotea. Mimi naihesabu pia kwa yale yanayotokea nyumbani. Mwanamke mwenye fangasi anaambiwa, “Dada, mlete na mwenzio naye atibiwe,” na anapewa kikaratasi cha kumwita. Anafika nacho kwa mume ambaye atauliza swali moja tu: umeupata wapi? Ndoa zimevunjika na wanawake wamepigwa kwa ugonjwa ambao haukuwapo. Mtumishi aliyefuata chati hakutenda kosa lolote la kitaaluma, na hilo ndilo linalosikitisha. Kumtibu mtu dawa isiyo yake kwa tahadhari kunavumilika. Kumtwika mashitaka ya uzinzi kwa makisio hakuvumiliki, na huduma inayojua udhaifu wa makisio yake haina ruhusa ya kuyatamka kama majibu.

Kuna njia nyingine ambayo magonjwa haya hupotelea, nayo ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Katika miji yetu ni vigumu kumpata mwanamke kijana ambaye hajawahi kuambiwa ana UTI, na wengi wameambiwa ni sugu. Anakwenda akisema anaungua akikojoa. Anapewa kikopo, anakojoa, kijiti kinachovywa, na kinaonyesha chembe nyeupe. Majibu yanaandikwa UTI na dawa inatoka. Lakini chembe nyeupe huonyesha tu kwamba kuna uvimbe mahali fulani katika njia ya mkojo, na klamidia au kisonono kwenye mrija wa mkojo huzileta vilevile. Kuna hata tofauti ya kikopo chenyewe. Anayepimwa UTI anatakiwa aumwage mkojo wa mwanzo, akinge ule wa katikati, usichanganyike na bakteria wa nje. Anayepimwa klamidia anatakiwa akae angalau saa moja bila kukojoa, kisha akinge zile mililita 20 au 30 za mwanzo kabisa, kwa kuwa ndizo zinazosafisha mrija na kubeba vimelea. Kwa hiyo mkojo uliochukuliwa vizuri kwa ajili ya UTI ni mkojo usiofaa kutafuta klamidia, na kinyume chake. Mgonjwa akitoka na siprofloksasini, dawa ambayo kisonono imekwisha kuizoea katika sehemu nyingi za dunia, maumivu yanaweza kutulia kidogo, naye anarudi mwezi ujao na kuambiwa UTI imekuwa sugu. Swali moja la ziada, lililoulizwa kwa upole na faragha, kuhusu mwenza mpya au mwenza mwenye dalili, lingeufungua mlango mwingine kabla hata ya mashine yoyote.

Na vifaa haviko mbali kama inavyodhaniwa. Hadubini ipo karibu kila kituo cha afya kwa ajili ya malaria na kifua kikuu. Usaha wa mwanamume ukipakwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Gram, mtaalamu wa maabara huona bakteria wawili wawili wakiwa ndani ya chembe nyeupe, na kwa mwanamume mwenye dalili jibu hilo ni la kuaminika sana. Kwa mwanamke, kioo hichohicho hukosa takribani nusu ya wagonjwa, kwa hiyo kikisema hakuna kisiaminiwe. Trikomona huonekana ikitapatapa kwenye tone la maji ya chumvi, mradi kioo kisomwe ndani ya dakika chache. Sampuli ikiachwa mezani mpaka foleni ya malaria iishe, vimelea hutulia na msomaji huandika kwamba hakuna kitu. Kipimo cha pamoja cha kaswende na virusi vya UKIMWI huhitaji tone la damu ya kidole na dakika zisizozidi 20. Halafu kuna GeneXpert, mashine iliyoenea katika hospitali za wilaya kwa ajili ya kifua kikuu, ambayo kwa kuwekewa katriji yake hutoa majibu ya kisonono na klamidia kwa takribani dakika 90, kutoka kwenye mkojo au pamba aliyojichukulia mwanamke mwenyewe. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba pamba ya kujichukulia haizidiwi kwa usahihi na ile inayochukuliwa na mhudumu. Maana yake mwanamke hahitaji hata kupanda kitanda cha uchunguzi.

Kwa kuwa vipimo hivi haviwezi kutosha watu wote kwa mara moja, lazima kupangwe foleni, na mwenye haki ya kusimama mbele ni mjamzito. Hapa hakuna haja ya mjadala mrefu. WHO ilikadiria kwamba mwaka 2016 kaswende ya kurithi kutoka kwa mama iliwapata watoto 661,000 duniani, na zaidi ya 200,000 kati yao walikufa tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Kipimo cha pamoja kilishuka bei hadi chini ya dola moja ya Marekani, na tangu 2019 WHO inapendekeza kiwe kipimo cha kwanza kwa kila mjamzito. Kwa miaka mingi kliniki zetu zilikuwa na kipimo cha virusi vya UKIMWI siku ambazo hazikuwa na cha kaswende, kwa sababu fedha za wafadhili zilikuja zimeandikwa jina la ugonjwa mmoja. Mama akachomwa kidole, damu ikatoka, na ugonjwa ambao ungemuua mtoto haukuulizwa. Kipimo cha pamoja kimeondoa kisingizio hicho. Kilichobaki ni mambo mawili. La kwanza ni penisilini yenyewe, ambayo imewahi kuadimika duniani kwa kuwa wanaotengeneza malighafi yake ni wachache na faida yake ni ndogo, kwa hiyo bohari za dawa lazima ziiwekee akiba kama zinavyoiwekea chanjo. La pili ni kulisoma jibu vizuri: kipimo hiki hutambua kingamwili zinazobaki mwilini hata baada ya mtu kupona, na mama aliyetibiwa katika mimba iliyopita atasomeka tena. Katika ujauzito ni salama zaidi kumchoma sindano tena kuliko kubahatisha, ila aelezwe wazi kwamba jibu hilo peke yake halimaanishi ameambukizwa juzi.

Wanaofuata ni wanawake vijana. Kisumu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, wanawake 449 wenye umri wa miaka 18 hadi 30 waliokuwa wakitumia dawa za kujikinga na virusi vya UKIMWI walipimwa mwanzoni mwa ufuatiliaji, na karibu asilimia 18 walikuwa na angalau ugonjwa mmoja kati ya klamidia, kisonono na kaswende. Klamidia peke yake iliwapata asilimia 14. Utafiti ule ulitaka kujua kama kumeza doksisaiklini baada ya tendo kungewakinga, na haukuonyesha kinga; sampuli za nywele zilibaini kwamba wengi hawakuwa wakimeza dawa. Lakini kwa mjadala huu takwimu ya mwanzo ndiyo yenye uzito. Wanawake hawa tayari wako kliniki, tayari wana mazoea ya kuja kila baada ya muda, tayari wameulizwa maswali magumu kuliko haya, na kwa utaratibu wa kawaida wangepewa vidonge vyao na kuaga, kila mwanamke wa sita hivi akiondoka na maambukizi. Kama kuna mahali pa kuanzia na pamba ya kujichukulia, ni hapo na kwenye chumba cha uzazi wa mpango. Hata Uingereza, yenye fedha na maabara, iliyokuwa ikiwapima klamidia vijana wa jinsia zote kwa miaka mingi, iliamua mwaka 2021 kuelekeza mpango wake kwa wanawake walio chini ya miaka 25, lengo likiwa kuzuia madhara ya uzazi. Walioweza kupima kila kijana walifika kwenye hitimisho kwamba kipimo kifuate madhara.

Pingamizi la kwanza ni gharama, na si pingamizi dogo. Katriji moja ya klamidia na kisonono hugharimu mara nyingi zaidi ya dozi za dawa zinazotolewa kwa kubahatisha. Mganga mkuu wa wilaya mwenye upungufu wa oksijeni ana haki ya kuuliza kwa nini anunue katriji. Namjibu kwamba asimnunulie kila mgonjwa. Mwanamume mwenye usaha aendelee kutibiwa kwa dalili, na hilo linaendana na mwongozo wa WHO wa mwaka 2021, unaosema kipimo cha molekuli kitumike pale majibu yanapoweza kupatikana siku hiyohiyo, na pasipowezekana mgonjwa atibiwe kwa dalili asirudishwe nyumbani mikono mitupu. Mashine ya kifua kikuu haifanyi kazi saa zote. Gharama mpya ni katriji na mafunzo, mashine na umeme vimekwisha kulipiwa. Na hesabu ya dawa za kubahatisha haijakamilika mpaka tuongeze mwanamke aliyepata mimba nje ya kizazi na kupasuliwa usiku, na mwingine anayezunguka miaka mitano akitafuta mtoto, kutoka hospitali hadi kwa mganga, kwa mirija iliyoziba. Gharama hizo hulipwa na kaya, ndiyo maana hazionekani kwenye daftari la wizara.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa sababu linatoka kwenye ushahidi. Huko Papua New Guinea wajawazito zaidi ya 4,500 walihusishwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2024: kundi moja lilipimwa na kutibiwa palepale kliniki, jingine likapata huduma ya kawaida. Walitarajia kwamba watoto njiti na wenye uzito mdogo wangepungua. Kwa jumla hawakupungua. Anayetetea vipimo asiukwepe ukweli huu, na nisingependa kusikia mtu akiahidi kwamba kila mjamzito akipimwa klamidia watoto njiti watapungua nchini. Lakini swali kuu la jaribio hilo lilihusu matokeo ya aina moja, yaani wakati wa kuzaliwa na uzito. Mirija ya mama haikuwa sehemu ya swali lile, wala mwenza anayeendelea kuambukiza. Kaswende nayo iko nje ya mzozo huu, kwani manufaa ya kuitibu katika ujauzito yamethibitishwa vya kutosha. Ndiyo sababu nimeiweka kaswende mbele ya foleni peke yake, na klamidia nyuma yake, kwa hoja ya afya ya mwanamke mwenyewe kuliko ya uzito wa mtoto. Kupanga foleni kwa ushahidi ni pamoja na kukubali kwamba vipimo vyote havina uzito sawa.

La tatu linahusu biashara, na hapa nakubaliana na wapinzani karibu kwa kila neno. Maabara binafsi za mijini zimeanza kuuza vifurushi vya vipimo vinavyotafuta vimelea kumi au zaidi kwa mkupuo. Miongoni mwake huwamo ureaplazma na mikoplazma hominisi, viumbe wanaoishi katika njia ya uzazi ya watu wengi wenye afya njema, na wataalamu wa Ulaya walikwisha kutoa msimamo mwaka 2018 kwamba wasipimwe kama jambo la kawaida. Vipo pia vipimo vya damu vya kingamwili za klamidia, ambavyo haviwezi kumtofautisha aliye na maambukizi leo na aliyeyapata miaka iliyopita. Mteja analipa pesa nyingi, anapata karatasi yenye alama za kujumlisha, anameza dawa kali kwa wiki kadhaa na kumshuku mwenzake, bila ugonjwa. Kutibu kwa makisio na kupima ovyo kunamfikisha mtu mahali pamoja. Kwa hiyo kupanua vipimo bila wizara kutamka ni vipi vinafaa, kwa nani na kwa sampuli gani, ni kuwakabidhi wanawake kwa wauzaji.

Hata kama kila mgonjwa angeendelea kutibiwa kwa dalili, bado ingebidi baadhi yao wapimwe, kwa ajili ya chati yenyewe. Chati inategemea kujua ni vimelea gani viko mtaani na dawa gani inaviua, na mambo hayo hubadilika. Nairobi ya miaka ya 1980, vidonda vingi vya sehemu za siri vilisababishwa na pangusa. Baadaye pangusa ikafifia karibu kutoweka katika ukanda huu, na nafasi yake ikachukuliwa na malengelenge yanayoletwa na virusi, ambayo hayaponi kwa antibiotiki. Tabibu aliyeshika chati ya zamani angeendelea kuchoma sindano isiyo na kazi. Kisonono ndiyo inayotisha zaidi. Imezishinda salfa, penisilini, tetrasaiklini na siprofloksasini kwa zamu, na sasa dunia imeegemea seftriaksoni. Katika ule utafiti wa Kisumu, sampuli za kisonono zilizochunguzwa zote zilionyesha usugu mkubwa dhidi ya tetrasaiklini. Mashine ya molekuli itasema kisonono ipo, lakini kwa kawaida haisemi dawa gani itaiua. Kwa hilo lazima kuotesha kurudi, angalau katika vituo vichache vya ufuatiliaji, kama Uganda inavyofanya chini ya mpango wa WHO. Wanaume wenye usaha, ambao nimesema wasingoje maabara ili watibiwe, ndio wanaofaa zaidi kutoa sampuli hizo. Pamba ichukuliwe, watibiwe palepale, na majibu yawasaidie watakaokuja baada yao.

Linabaki suala la mwenza, ambalo bila hilo hata kipimo sahihi kabisa hudumu mpaka usiku wa kurudi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki za wajawazito za Nairobi zilijaribu kupima kaswende palepale, wauguzi wakisoma majibu wenyewe na kuchoma sindano kabla mama hajaondoka. Kati ya wajawazito zaidi ya 13,000, karibu tisa kati ya kumi waliokutwa na ugonjwa walitibiwa, na nusu ya wenza wao nao wakatibiwa. Nusu ni kidogo ukiiangalia kama lengo. Ni kubwa ukiilinganisha na kinachotokea mwanamke anapopewa kikaratasi cha makisio. Muuguzi mwenye jibu la uhakika anaweza kumwambia mama ugonjwa ni upi, unatibika vipi, kwamba unaweza kukaa mwilini muda mrefu bila dalili, na kwamba jibu halionyeshi nani alianza. Anaweza kumuuliza kama ni salama kwake kulipeleka neno hilo nyumbani, na kama si salama, wakapanga pamoja namna nyingine ya kumfikia mume. Mazungumzo hayo huchukua robo saa, yanahitaji chumba chenye mlango unaofungwa, na hayamo katika orodha ya manunuzi ya mpango wowote wa vipimo ninaoufahamu.